Madirisha 14 ya nyumba ya zamani Mji Mkongwe: tuyabadilishe yote au tuyatengeneze?

KipondaGhorofani (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanajukwaa. Sisi ni ndugu watano tulioachiwa na marehemu baba yetu nyumba ya ghorofa iliyopo Kiponda, Mji Mkongwe, Unguja, na mwaka huu tumeanza kuifanyia matengenezo baada ya kukaa bila mtu kwa muda mrefu. Paa limekwisha kuzibwa, boriti mbovu za chumba cha nyuma zimekwisha kutolewa, na sasa tumefika kwenye madirisha, ambako mimi na ndugu zangu tumekwama.

Madirisha yako 14, manane juu na sita chini. Yote ni ya mbao, marefu, yenye nondo za wima zilizochomekwa kwenye fremu, na kila moja lina milango minne: miwili ya juu na miwili ya chini, ili aliyekaa ndani aweze kufungua ya juu apate hewa huku ya chini ikimsitiri na macho ya wapita njia. Vioo hakuna, isipokuwa vipande vya rangi vilivyo juu ya madirisha mawili ya ukumbini, ambavyo vitatu kati yake vimepasuka. Rangi imepakwa juu ya rangi mpaka bawaba hazionekani. Madirisha yanayotazama kusini yameoza vizingiti vya chini, mengine hayafungi, na moja la nyuma limefungwa kwa misumari tangu nilipokuwa mtoto.

Ndugu zangu wawili walioko Maskati, ambao ndio wanaotoa sehemu kubwa ya fedha, wanataka yote yang'olewe tuweke aluminiamu ya kusukuma yenye vioo vyeusi. Hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema mbao ni kazi isiyokwisha, kwamba mwaka huu utapaka rangi na mwaka ujao utaita seremala, na kwamba dada yetu atakayekaa humo hawezi kulala na mbu wala na hofu ya wezi. Fundi wa aluminiamu amekuja, amepima dirisha moja tu, akasema yote 14 yanalingana na kwamba atamaliza kwa wiki moja. Seremala niliyemwita ametaja bei inayozidi mara mbili ya hiyo, na hakutaka kusema atamaliza lini.

Mimi moyo wangu uko kwenye mbao, lakini nakiri kwamba sijui kama hilo linatokana na busara au na kumbukumbu za kulala chini ya dirisha hilo nikiwa mdogo. Kwa hiyo nauliza: mtu anajuaje kwamba fremu imekufa na haitengenezeki? Je, aluminiamu ina ubaya gani hasa katika kuta hizi za mawe na chokaa, ukiacha suala la sura? Naomba majibu ya watu waliowahi kuifanya kazi yenyewe.

Randa_na_Patasi

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mimi ni seremala, na nimefanya kazi katika nyumba za Mji Mkongwe kwa miaka mingi, kwa hiyo unaweza kusema navuta kwangu. Hata hivyo nitakueleza namna ya kupima, nawe utaamua mwenyewe.

Chukua bisibisi nyembamba upite dirisha moja baada ya jingine. Bonyeza mahali panne: ncha mbili za kizingiti cha chini, kisha miimo yote miwili, yaani mbao za wima za pembeni mwa fremu, kuanzia chini hadi kiasi cha shubiri moja. Hapo ndipo maji yanapokaa. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, mbao hiyo imeoza. Ikigonga na kurudi, ni nzima hata kama rangi yake inatisha. Ukimaliza sehemu za chini, gonga miimo kwa mpini wa nyundo ukisikiliza, kwa sababu mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje likiwa zuri. Mara nyingi utakuta kwamba dirisha ambalo mwenye nyumba amelihukumu lina ubovu wa kizingiti na shubiri moja ya miimo, na sehemu nyingine yote ni mvule au msaji wa zamani, mgumu na uliokwisha kukauka, ambao leo ukitaka kuununua utatafuta sana.

Fremu ya namna hiyo haing'olewi. Mwimo hukatwa kwa mshazari juu ya sehemu iliyooza, ukaungwa kipande kipya cha mbao ya aina ileile, kwa gundi isiyoogopa maji na vijiti vya mbao, na kizingiti kikatengenezwa upya. Kizingiti kipya kiwe na mteremko unaoelekea nje, na chini ya ukingo wake pachimbwe mfereji mwembamba unaofuata urefu wote, ili tone la maji likifika hapo lidondoke badala ya kurudi ukutani. Nina hakika ukitazama vizingiti vyako vilivyooza utakuta mifereji hiyo imezibwa na rangi. Dirisha la namna hiyo huuliwa na wapakaji.

Milango nayo usiitupe kwa sababu haifungi. Ivue, itie alama ya penseli kuonyesha ilikotoka, kisha uondoe rangi. Kwenye kuondoa rangi nakuomba uwe mwangalifu: rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usitumie msasa mkavu wala moto mkali. Lowesha, kwangua, kusanya mabaki kwenye turubai, na watoto wasikaribie.

Kuhusu fundi aliyepima dirisha moja akasema yote yanalingana, sitasema mengi. Katika nyumba hizo sijapata kukutana na madirisha mawili yanayolingana.

JengaKisasa

Nitasimama upande wa ndugu zake wa Maskati, kwa kuwa naona uzi unaelekea upande mmoja. Mimi niko Dar es Salaam na nyumba yangu ilikuwa na madirisha ya mbao yaliyoliwa na mchwa mara mbili ndani ya miaka sita. Nimeweka aluminiamu nene yenye rangi ya unga iliyookwa, skurubu za stenlesi, na tangu hapo kazi yangu ni kufuta vioo tu. Mchwa haili aluminiamu. Anayesema kwamba aluminiamu huoza pwani aangalie kama aliyemwekea alitumia skurubu za chuma cha kawaida, kwa sababu metali mbili zikikutana penye maji ya chumvi moja huila nyingine, na lawama hapo ni ya fundi.

Zaidi ya hapo, mbao nzuri leo ni ghali, na nyingi inayouzwa kwa jina la mvule au mninga ni mbichi, itapinda kabla ya kukamilisha mwaka ukutani. Mtu asiye na seremala wa kuaminika na asiye na subira, namshauri achukue aluminiamu na alale usingizi.

KipondaGhorofani

Nashukuru nyote. Nimefanya jaribio la bisibisi jana na leo. Kati ya madirisha 14, saba yana ubovu wa chini tu kama alivyoeleza Randa, matano yameoza hadi katikati ya miimo, na mawili ya chini sikuweza kuyapima vizuri kwa sababu yamezungukwa na plasta ya saruji. Mifereji chini ya vizingiti ipo, na kweli imejaa rangi.

Hoja ya JengaKisasa kuhusu mbao mbichi imenitia wasiwasi kuliko zote, naomba mwenye ujuzi airudie.

Chokaa

Naomba niingie kwa upande wa ukuta, kwa sababu naona mazungumzo yote ni ya fremu ilhali fremu ni nusu tu ya dirisha.

Kuta za nyumba hizo ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita au zaidi. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji wakati wa masika na kuyatoa taratibu wakati wa kiangazi. Chokaa huruhusu hali hiyo. Saruji huizuia, na maji yanapokosa njia ya kutokea hujikusanya nyuma ya plasta pamoja na chumvi, plasta ikavimba na kumeguka, na mbao iliyogusana nayo ikakaa imelowa mwaka mzima. Ndiyo maana hayo madirisha yako mawili ya chini hayapimiki. Natabiri kwamba ukibandua ile saruji utakuta miimo imegeuka unga, na aliyeipaka alidhani analinda dirisha.

Sasa, ubaya wa aluminiamu katika ukuta huo ninavyouona mimi hauko kwenye aluminiamu yenyewe, uko kwenye namna inavyowekwa. Fremu ya aluminiamu inataka tundu lililonyooka kwa timazi na pimamaji. Tundu la nyumba ya zamani halijanyooka, kwa hiyo fundi huchonga mawe hadi apate nafasi, kisha hujaza saruji pande zote nne ili fremu ishike. Kwa siku moja umedhoofisha ukuta na umeupaka kitu kisichopumua, na hata ukija kujuta huwezi kurudi ulikotoka. Fremu ya mbao hutengenezwa kufuata tundu lilivyo: unapima upana mahali patatu, urefu mahali patatu, na mishazari yote miwili, ukafanya kazi kwa kipimo kidogo kuliko vyote, na nafasi zinazobaki zikajazwa kwa vipande vya mawe na chokaa.

Jambo la pili ndilo la hatari, na naliandika kwa kusisitiza. Juu ya madirisha mengi ya nyumba hizo hakuna linta ya zege. Kuna vipande vya boriti za mkoko au mbao nzito vilivyolazwa ndani ya ukuta. Vipande hivyo vikioza au kuliwa na mchwa, uzito wa ukuta huteremka polepole ukakaa juu ya fremu yenyewe, na fremu ambayo haikukusudiwa kubeba kitu inakuwa nguzo. Ukiing'oa bila kutegemeza ukuta kwa mirunda, mawe yatakufuata. Dalili ni hizi: kizingiti cha juu kimepinda kama upinde, milango inakwama juu na si chini, au kuna ufa unaopanda kutoka kwenye pembe ya dirisha. Ukiona moja kati ya hizo, tegemeza kwanza, na usifungue zaidi ya dirisha moja kwa wakati katika ukuta mmoja.

Na kibali. Mji Mkongwe uko kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kubadilisha madirisha ya nyumba iliyomo ndani ya eneo la hifadhi kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda na picha za kila dirisha pamoja na vipimo kabla hujanunua chochote. Hilo pekee lingetosha kumaliza mjadala wenu na ndugu zako, lakini naona ni vyema wakubali kwa kuelewa.

Mvita

Niko Mombasa, katika nyumba ya familia iliyo Mji wa Kale, na swali la mbu na joto limetusumbua vilevile. Tulifunga wavu ndani, kwenye fremu nyepesi ya mbao inayofunguka kwa bawaba, upande wa ndani wa nondo, ili milango ya dirisha iendelee kufunguka kwa nje kama kawaida. Wavu wa kawaida wa matundu 18 kwa 16 kwa inchi huzuia mbu, ingawa mtu asidanganyike: hewa hupungua, na wavu ukijaa vumbi hupungua zaidi, kwa hiyo unapaswa kutolewa na kuoshwa.

Kuhusu vioo vyeusi, tuliviweka katika chumba kimoja na matokeo yake hayakutupendeza. Kioo cheusi hupunguza mwanga, lakini chenyewe hupata moto na kuuingiza ndani, wakati mlango wa mbao ulio nje hulizuia jua kabla halijaingia chumbani. Isitoshe, dirisha la kusukuma lenye vipande viwili hufunguka nusu tu. Wakati wa kusi unaweza usione tofauti. Wakati wa kaskazi, umeme ukikatika na feni ikasimama, utaiona.

Swali langu kwa Randa: nondo za zamani mnazifanyaje? Zetu zimevimba kwa kutu hadi zimepasua fremu.

Randa_na_Patasi

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichozaa kutu hiyo, na ndiyo maana tundu la nondo hupasuka. Zitoe, zikwangue hadi chuma kionekane. Zilizobaki na unene wa kutosha zipake rangi ya kuzuia kutu, hasa zile ncha zinazoingia kwenye mbao, ambazo watu huzisahau kwa kuwa hazionekani. Zilizoliwa zibadilishe kwa nondo laini za mviringo zilizochovywa zinki. Usitumie nondo za zege zenye mistari, kwa sababu maji hukaa kwenye ile mistari, na sura yake haifai. Na katika kila ghorofa acha dirisha moja ambalo nondo zake ziko kwenye fremu inayofunguka kwa kufuli, ufunguo ukining'inia karibu, ndani, mahali ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Nyumba ikishika moto mlangoni, mtakosa pa kutokea.

Kuhusu mbao mbichi, JengaKisasa amesema kweli tupu. Nunua mapema. Zilaze kivulini, juu ya vijiti, kila ubao uachane na mwenziwe hewa ipite, na ncha zipakwe rangi ili zisipasuke. Wazee waliotufundisha walihesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mwenye haraka angalau angoje hadi ubao uache kupungua uzito. Pima ubao mmoja kwenye mizani kila wiki mbili na uandike. Kipimo kikisimama, anza kazi.

KipondaGhorofani

Narudi baada ya miezi minane kutoa taarifa, kwa sababu nachukia nyuzi zinazoishia kwenye swali.

Kibali tulikiomba kwa picha na vipimo, kama alivyoshauri Chokaa. Ndugu zangu wa Maskati waliposoma uzi huu, mkubwa alinipigia simu akasema maneno machache: endeleeni na mbao, lakini dada asilale na mbu hata usiku mmoja. Kwa hiyo tulianza na nyavu, kabla ya dirisha hata moja kuguswa, kwa mtindo alioueleza Mvita.

Madirisha saba yameungwa na kurudi. Katika hayo, mbao tuliyoipoteza kwa jumla haikujaza toroli moja. Chini ya rangi tulikuta msaji, na kwenye milango miwili ya ukumbini nakshi nyembamba pembezoni ambayo hakuna kati yetu aliyejua kwamba ipo. Vipande vya kioo vya rangi vilivyopasuka hatukupata vinavyofanana, tukaweka vya kawaida vyeupe, na kusema kweli havipendezi.

Manne kati ya yale matano yaliyooza yametengenezwa upya bila tatizo kubwa. La tano ni lile la nyuma lililokuwa limepigwa misumari, na hapo tulipata hasara. Nilikuwa nimemweleza fundi mwashi kwamba mirunda isimamishwe kwanza, nikaenda kuswali adhuhuri, na niliporudi nikakuta fremu iko chini na fundi ananieleza kwamba ilitoka yenyewe. Linta ilikuwa vipande vitatu vya boriti, viwili vikiwa maganda matupu. Safu mbili za mawe zilianguka ndani ya chumba, na ncha ya boriti moja ya dari ikashuka kama vidole vitatu. Alhamdulillah hapakuwa na mtu chini yake. Kuinyanyua boriti na kujenga upya kwa chokaa kulituchukua wiki tatu. Misumari ile, nadhani sasa, aliipiga mtu aliyejua kwamba dirisha lile halipaswi kufunguliwa.

Kosa langu la pili lilikuwa la haraka. Milango mipya ya madirisha mawili tuliitengeneza wakati wa kaskazi, mbao zikiwa kavu, nikasisitiza ikae karibu kabisa na fremu kwa sababu nilipenda kuona kazi iliyobana. Seremala alitaka kuacha milimita tatu kila upande, nikamzuia. Masika ilipoingia milango ikanywa unyevu, ikavimba, na dada yangu akashindwa kuifungua kwa siku kumi na moja. Ilibidi ipigwe randa na kupakwa rangi upya.

Bei: kwa kuwa nusu ya madirisha ilikuwa ni matengenezo na si kutengeneza upya, tumetumia zaidi ya bei ya aluminiamu, lakini si mara mbili kama tulivyotishwa. Lile dirisha la nyuma nimeliweka nje ya hesabu hiyo, kwa sababu ukuta ungeanguka hata kwa fundi wa aluminiamu.

Yamebaki mawili ya chini, yale yenye saruji. Tumebandua plasta, na utabiri wa Chokaa umetimia: miimo imekuwa unga, na ukuta umelowa hadi usawa wa kiuno. Mbao tunazo, zimekauka, mizani imesimama kwa mwezi mzima. Randa, tuanze kuchonga?

Randa_na_Patasi

Mbao ziko tayari, lakini ukuta hauko tayari. Ukiweka fremu kavu kwenye ukuta unaotoa maji, utairudisha kazi mahali ilipokuwa. Acha matundu wazi, funga nondo za muda na wavu kwa ajili ya usalama, na usipake plasta mpya. Upitishe upepo wote wa kusi humo ndani. Mwezi wa Septemba weka kiganja ukutani asubuhi. Ukihisi baridi ya unyevu, ngoja tena. Ukihisi pakavu, pima upya, kwa sababu tundu litakuwa limebadilika kidogo baada ya saruji kutoka, kisha niandikie vipimo vyote vinane.